Friji ya Mtu Mmoja Haipo Hosteli

Mpwa wangu anasoma mwaka wa pili Dar es Salaam na anakaa hosteli ya binafsi, chumba cha watu wawili. Juzi kanitumia picha tatu za friji. "Shikamoo mjomba. Nichukue ipi?"

Ya kwanza bei yake ya kutupa, na nikajua kwa nini: haina kompresa. Friji za namna hiyo hushusha joto nyuzi 20 hivi chini ya lile la chumba, basi. Februari ya Dar, chumba kikifika nyuzi 32, maziwa yatakaa kwenye 12, na nyama inataka 4 au pungufu. Hiyo ni ya kupozea soda. Ya pili ilikuwa mtumba mrefu wa milango miwili, muuzaji anaapa imetoka Ulaya. Itakuwa imetoka huko kweli, lakini raba za mlango zikishakakamaa baridi inavuja na kompresa haipumziki. Friji ndogo mpya hula kama nusu uniti kwa siku, na joto likipanda inazidi kidogo. Kongwe la aina ile laweza kula mara tatu. Wao wana mita moja kwa vyumba kadhaa, LUKU ya kuchangishana. Uniti zikiisha katikati ya wiki, macho yote yatakuwa kwenye mlango wake.

Ikabaki ya tatu, ya lita 90. Hapo akasita: mbona ipo ya lita 50, si inamtosha?

Inamtosha yeye, ndiyo. Lakini korido ina watu. Wiki ya kwanza atagongewa: "Dada, naomba niwekee maji." Ya pili ni bakuli la maharage, ya tatu ni samaki wa mtu aliyetoka kwao Mafia. Nimekulia Tanga, mtaa wenye friji moja, na mwenye nayo alikuwa akihifadhi vitoweo vya nyumba zote huku akiuza barafu za ukwaju kwa watoto. Barafu alizitoza, kitoweo cha jirani hakukitoza, na sikumbuki mtu aliyehitaji kuelezwa tofauti. Mpwa wangu aliponiuliza kama atoze shilingi mia mbili kwa chupa ya maji, nikamjibu auze maji yake mwenyewe akitaka, ya mwenzake ayaache. Anayenunua friji ya kumtosha yeye tu atamaliza mwaka akiwa mlinzi wa mlango wake, na ulinzi huo unachosha kuliko kubanana.

Nikamwambia pia asiibandike ukutani, nyuma ipate hewa, na wakiileta imelazwa kwenye bajaji aisimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Kilichonitia wasiwasi hasa ni wazo la mwenzake wa chumba, kwamba wanunue kwa ubia, nusu kwa nusu. Wakimaliza chuo, mmoja akirudi Mbeya na mwingine akibaki Dar, friji haikatwi kwa msumeno. Bora mmoja anunue na mwingine abebe mchango wa LUKU wa chumba mpaka hesabu zilingane. Wamekubaliana hivyo. Kinachobishaniwa sasa ni rafu ya juu, ile iliyo karibu na barafu.