Mfupa Ubebe Badala ya Mtoto

Ndugu zangu wa Meru, na ninyi nyote mnaokunywa maji yatokayo kwenye mawe ya mlima huu, naomba masikio yenu.

Jumapili iliyopita kwaya ya watoto iliimba mbele yetu. Binti mmoja wa miaka kumi hivi alipandisha sauti hadi mwili ukanisisimka. Wimbo ulipokwisha akina mama wakapiga vigelegele, naye akataka kucheka. Kabla kicheko hakijatoka, kiganja kilishafika mdomoni. Aliyaficha meno yake. Ni meno ya kahawia, yenye michirizi na vishimo, kama yangu, kama ya wengi wenu. Tumeyazoea hata tunadhani ndivyo watu wa huku tulivyoumbwa. Hatukuumbwa hivyo! Ni floraidi.

Meru ni mlima wa volkano, na mawe yake yanaachia floraidi ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na pale Maji ya Chai vipimo vimepita hata 10. Nawe mama unayachemsha kwa upendo, ukiamini unamlinda mwanao. Kuchemsha kunaua vijidudu, usiache. Ila floraidi haifi. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe imekaa palepale, na yanayobaki yanakuwa makali zaidi. Magadi tunayotia kwenye maharage nayo yanaongeza. Jino la mtoto linaharibika likiwa bado ndani ya ufizi, na floraidi ikizidi sana kwa miaka, hata miguu inapinda.

Kwa nini ikimbilie meno na mifupa? Kwa sababu mfupa umejengwa kwa kalsiamu na fosfeti, na floraidi ikiyakuta madini hayo inaisukuma chembe iliyokuwapo na kuikalia nafasi yake. Haichagui. Mfupa wa mtoto na wa ng'ombe kwake ni mamoja. Wanakemia wakaliona hilo, wakasema: basi tuiwekee mfupa mwingine njiani. Hapa hapa Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji, mifupa ya ng'ombe imechomwa tanurini kwa nyuzi 400 hadi 500, hewa ikiwa haba, ikapondwa kuwa chenga nyeusi, ikajazwa kwenye ndoo yenye koki. Maji yanashuka polepole kati ya chenga, floraidi inanaswa humo. Wakatoliki wa Jimbo la Nakuru, Kenya, nao waliichoma mifupa kwa ajili ya watu wao wa Bonde la Ufa.

Mifupa, ndugu zangu! Ezekieli alionyeshwa bonde la mifupa mikavu, akaulizwa kama inaweza kuishi. Mimi kila wiki naipita mifupa ya machinjioni, mbwa wakiigombania, na moyo unaniuma. Sisi tunaohubiri kila Pasaka habari za mmoja aliyebeba badala ya wengi, tunashindwaje kuuona mfupa unaoweza kubeba sumu badala ya mtoto?

Lakini msikimbilie kuichoma jikoni. Mfupa usioiva, wenye rangi ya kahawia, unayanukisha maji hadi watu wanalikataa chujio lenyewe. Ulioungua ukawa mweupe umepungukiwa nguvu. Na chujio hujaa! Siku likijaa halikuambii kitu: maji yanatoka yaking'aa vilevile, na sumu imo. Nimeliona chujio lililozinduliwa kwa utepe na ngoma, kisha likaachwa miaka mingi bila mtu kuyapima maji yake. Watoto walikinga vikombe pale, wakiambiwa ni salama. Hiyo ni dhambi, nami naitaja kwa jina lake, maana nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Wazee wa kanisa, rangi ya ukuta ingoje. Sadaka ya ujenzi ya mwezi huu inunue chenga za mfupa na vipimo vya maji. Enyi wachinjaji, msiitupe mifupa. Jirani zetu Waislamu, ng'ombe ni yule yule mliyemchinja wenyewe, njooni. Na Jumapili ijayo kila nyumba ilete chupa moja ya maji, imeandikwa jina la kisima, tuzipeleke maabara.

Nawe binti wa kwaya, mdogo wako bado ananyonya. Kabla hajaachishwa ziwa, chujio la kwanza litafungwa nyumbani kwenu.