Je, Asiye na Faida Aachwe?

Mtu akichomwa na mwiba, mara moja anavuta mguu. Habari imepita katika mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo inaanza kuundwa mtoto akiwa bado tumboni, na namna inavyoundwa inatupa swali gumu.

Mwili huumba kwanza chembe za fahamu nyingi kupita zinazohitajiwa. Kila chembe inanyosha uzi mwembamba kutafuta mahali pake, kwa mfano penye ngozi. Ikifika, inapokea huko protini ndogo. Aliyeitambua protini hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni Bibi Rita Levi-Montalcini wa Italia. Sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilimfungia chuo kwa kuwa Myahudi, akachunguza mayai ya kuku chumbani mwake. Baadaye aliendelea huko St. Louis, Marekani, na mwaka 1986 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Stanley Cohen.

Protini hiyo si chakula. Ni kama mgeni anayebisha hodi. Kwenye uzi wa chembe ipo protini nyingine iliyo kama mlango. Ikibishwa, inabandikwa alama ndogo za fosfati, na alama hizo zinaigeuza kazi yake. Ndipo habari inapopelekwa mpaka ndani ya chembe: ishi, ukue. Chembe isiyobishiwa inajiua yenyewe. Katika sehemu nyingi karibu nusu hufa hivyo, wala si ugonjwa.

Labda mmoja atasema: «Basi, hata katika watu, asiye na faida aachwe.» Ndivyo wengine wanavyomwaza mzee asiyelima tena, ama kilema. Sisi twakataa. Chembe ipo kwa ajili ya mwili, lakini mtu hayupo kwa ajili ya kijiji kama jembe kwa shamba. Tena, si kila linalotokea ni la kufuatwa: mvua ya mawe inaharibu mihogo, je, nasi tuiharibu?

Fundisho la kweli ni lingine. Chembe iliyo hai haikuishi kwa nguvu zake, ilibishiwa. Nasi je? Nani alitulisha kabla hatujafaa kitu? Mtu ni watu. Basi leo, tukipita mlangoni pa mzee yule, tupige hodi.