Je, Daktari Aweza Kumrudisha Mgonjwa?

Liko swali linalozungumzwa mara nyingi barazani hapa Malangali, hasa wageni kutoka Bonde la Rukwa wanapolala kwetu ili wapate kuamkia hospitali mjini Sumbawanga. Swali lenyewe ndilo hili: mgonjwa aliyefika bila kuandikiwa siku, au aliyekosa siku yake, je, daktari aweza kumrudisha nyumbani naye asiwe na hatia? Wengine hujibu upesi kwamba hawezi, maana mgonjwa ni mgonjwa. Wengine husema aweza, maana utaratibu ni utaratibu. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimejibu kabla ya kulitazama jambo lenyewe.

Kwanza tuutetee utaratibu, kwa kuwa wengi huulaumu bila haki. Daktari ana mikono miwili tu. Akipanga siku ya macho, na siku ya wenye kisukari, na siku ya wajawazito, afanya hivyo ili dawa, vyombo na mwenye ujuzi wake wakutane mahali pamoja. Tena pale pasipo zamu hutangulia mwenye kiwiko na mwenye ndugu ndani; mjane asiyejulikana hubaki ukutani hata jua lichwe. Na daktari aliyechoka huweza kukosea kipimo cha dawa, hata mgonjwa wa mwisho wa jioni akapata nusu ya daktari. Basi kuweka hesabu ya wagonjwa wa siku moja si ukatili. Ni kuwalinda wagonjwa wenyewe.

Walakini tukumbuke habari ya birika la Yerusalemu, aliyotuandikia Yohane katika Injili, sura ya tano. Palikuwapo mtu aliyeugua miaka 38. Kanuni ya mahali pale, kama ilivyosadikiwa, ilikuwa moja kwa watu wote: maji yakitibuka, atanguliaye kuingia ndiye aponaye. Hakuna aliyekatazwa. Lakini yule asiyeweza kutembea, wala hana mtu wa kumchukua, hakuwahi hata siku moja. Tazama ajabu hii: kanuni iliyo sawa kwa wote yaweza kumwacha nje mtu yule yule kila mara, tena yule mwenye haja kuliko wote.

Sasa tuitazame kadi ya kliniki kwa macho hayo. Sisi tukaao karibu na mji tukikosa Jumanne, twarudi siku nyingine kwa miguu, hasara yetu ni asubuhi moja. Lakini mama atokaye Muze au Mtowisa amepanda ukingo wa bonde. Wakati wa masika njia ile huteleza, magari hukwama, naye hulala njiani na mtoto mgongoni. Nauli ameipata kwa kuuza kuku au debe la mpunga. Amefika Jumatano badala ya Jumanne, anaambiwa arudi mwezi ujao. Neno aliloambiwa ni lile lile tuliloambiwa sisi, bali tendo alilotendewa si lile lile. Sisi tumecheleweshwa; yeye amefungiwa mlango. Na ajuaye desturi za Ufipa ajua pia kwamba nyumba ya mganga wa mitishamba haifungwi usiku wala mchana, wala haina kadi. Mtu aliyerudishwa hospitalini mara mbili hatuulizi atakwenda wapi mara ya tatu.

Wale wanne wa Kapernaumu waliotoboa paa ili mwenzao ashushwe ndani hawakungoja zamu, nao hawakukemewa. (Hatusemi kila mtu atoboe paa, bati la siku hizi ni ghali.)

Kwa mgonjwa wa hatari hatuna mashaka. Avujaye damu, mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto wa degedege, aliyeumwa na nyoka, hao hawana siku ya kuandikiwa. Jirani zetu wa Kenya waliliandika jambo hili katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hata hivyo, Oktoba 2015, mtu aliyepata ajali huko Nairobi alikaa kama saa 18 ndani ya gari la wagonjwa, akipelekwa huku na huku, kisha akafa. Na kwetu Tanzania wako majeruhi waliocheleweshwa kwa sababu ya fomu ya polisi iitwayo PF3. Kusudi la fomu ni jema, maana ushahidi wahitajiwa. Lakini karatasi yaweza kuingoja damu, bali damu haiwezi kuingoja karatasi.

Palipo shida ni kwa wagonjwa wasio wa hatari. Katika nchi nyingi hukubaliwa kwamba daktari aweza kumkataa mgonjwa wa namna hiyo, kama hana ujuzi wa ugonjwa wake, au kama ametukanwa na kutishwa. Sisi twakubali. Lakini ruhusa hiyo imejengwa juu ya neno lisilosemwa, yaani kwamba uko mlango mwingine. Mzee Adriano Atiman, ambaye hospitali moja mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake, aliibwa utotoni karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akajifunza uganga huko Malta. Alifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu huko miaka mingi, hata akafariki mwaka 1956. Mtu kama yeye angemwambia nani aende kwa mwingine, na mwingine yuko mbali mwendo wa siku nyingi? Milango ikipungua, uhuru wa daktari kukataa nao hupungua.

Kwa hiyo twasema daktari aweza kumrudisha mgonjwa, lakini baada ya mwenye ujuzi kumtazama, si kwa neno la bawabu langoni. Na siku anayompa iwe siku ambayo mtu huyo aweza kuifikia. Mwenzetu mmoja amepinga, akisema kwamba watu wa mjini watajifanya wametoka bondeni. Ni kweli, uongo huo upo, nasi twawajua wausemao, maana ni majirani zetu. Lakini kadi ina mahali pa kuandikwa kijiji, na karani huijaza mwenyewe siku ya kwanza. Aisome kabla ya kutaja Jumanne.