Chombo Kisichoonyeshwa

Jirani yangu anafuga kuku, na mwaka mmoja aliniomba nimtengenezee kifaa cha kusimamia joto la mashine yake ya kutotolea vifaranga. Mayai hukaa humo siku 21, na joto linalotakiwa ni nyuzi 37.5 hivi; likizidi sana kwa saa chache tu, kazi yote imekwenda bure. Nilinunua chipu aina ya PIC, na rafiki yangu akanipa diski yenye kompaila, yaani ile programu inayogeuza maagizo tunayoyaandika yawe lugha ya chipu. Ilikuwa programu ya kuuzwa, na kufuli lake lilikuwa limevunjwa. Nikaitumia. Kwa hakika ilifanya kazi vizuri, na jirani akanilipa.

Swali halikunijia mpaka mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, alipotaka kujifunza. "Mjomba, hii programu tunaipata wapi?" Nikababaika.

Rafiki yangu ana hoja yake, nayo si ya kipuuzi. Husema kwamba kwa bei ile nisingeinunua kamwe. Basi mwenye nayo amepoteza nini? Sikupata jibu la kumshinda, wala sijalipata mpaka leo. Lakini naona swali lake linamtazama mwenye mali tu. Halinitazami mimi niliyekuwa nikiificha diski droo ya chini. Seremala humkabidhi mwanafunzi randa yake mbele za watu. Mimi ningemkabidhi mpwa wangu chombo pamoja na onyo la kutomwambia mtu?

Tukahamia kwenye Arduino, mradi ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Kompyuta yetu kuukuu tukaiwekea Linux. Kompaila inayotumika huko ni GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 akiruhusu kila mtu ainakili na kuibadili. Hapo nikakutana na jambo lililonifikirisha zaidi. Bodi tuliyoinunua haikutengenezwa na wenye mradi; ni nakala ya bei ndogo. Je, nilikuwa nimekimbia wizi mmoja nikaangukia mwingine? La hasha. Wenye mchoro wameutangaza na kuruhusu unakiliwe. Walichojiwekea ni jina lao. Kunakili ni kulekule na mikono ni ileile, kilichotofautiana ni ruhusa tu. Ajabu ni kwamba kitu kisichoonekana wala kushikika kiliweza kunipa usingizi.

Sisemi kwamba njia hii ni nyepesi. Siku mbili zilituishia tukitafuta kwa nini kompyuta inakataa kuzungumza na bodi, kumbe sisi wenyewe hatukuipa akaunti yetu idhini ya kutumia tundu lile. (Kwa ile diski tungekwisha maliza, na nililikumbuka hilo kwa uchungu.) Aidha, Arduino huficha mengi: kijana anawasha taa kwa mstari mmoja bila kujua kwamba chipu ya bodi ya Uno ina baiti 2,048 tu za kumbukumbu ya kazi. Lakini anayetaka kufunua anaweza, maana hata kilichofichwa kimeandikwa wazi.

Mashine ya jirani ingali inatotoa kwa programu ileile ya kwanza. Mpwa wangu anajua sasa, nilimwambia mwenyewe. Akaniuliza kama vifaranga nao ni vya wizi. Tukacheka, kisha akanyamaza, akanitazama akisubiri jibu.