Mashine ya Karata na Ugonjwa wa Kufikiri Kupita Kiasi



Miongoni mwa maswali tunayoletewa na watu wanaoichunguza dini, liko moja ambalo kwa sura yake ya nje ni dogo. Huulizwa hivi: Mchezo unaotegemea hesabu wala si bahati tupu, je, nao ni kamari? Na ikiwa Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu akili ili afikiri, kuna kosa gani mtu akiketi mbele ya mashine ya karata na kufikiri sana kabla hajaamua? Swali hili lina sehemu mbili. Ile ya pili, kwa maoni yangu, ni nzito kuliko ya kwanza, kwani inawagusa hata watu ambao maisha yao yote hawajashika karata.

Yafaa kwanza tuijue mashine yenyewe, maana kuhukumu jambo usilolijua si uadilifu. Katika jimbo la Nevada, nchini Marekani, sheria iliruhusu kamari mwaka 1931, na mji wa Las Vegas ukastawi kwayo. Mwaka 1979 kampuni ya tajiri mmoja aitwaye Si Redd, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la IGT, ilitoa mashine iliyoitwa Draw Poker. Mashine za sarafu zilizozoeleka kabla ya hapo zilikuwa za kuvuta mkono wa chuma na kungojea picha zisimame. Mchezaji hakuwa na la kuamua. Hii ilikuwa na kioo kama cha televisheni. Mtu hutia fedha, naye huonyeshwa karata 5 kutoka katika 52. Huchagua zipi azishike na zipi azitupe; zilizotupwa hubadilishwa mara moja tu, kisha mashine hulipa kwa kufuata jedwali lililo wazi mbele yake. Mshindani hayupo. Hakuna uso wa kuusoma wala mtu wa kumtisha.

Sasa tazama hesabu ilivyo. Kila karata ama hushikwa ama hutupwa. Kwa hiyo kwa karata 5 njia za kuchagua ni 32, hazizidi. Mikono yote inayoweza kutolewa katika karata 52 ni 2,598,960, na kwa kila mkono wataalamu wamekwisha kokotoa ni ipi kati ya njia hizo 32 iliyo bora. Katika mashine ya namna ya kawaida, ile inayoanza kulipa kwenye jozi ya ghulamu, ikiwa jedwali linalipa 9 kwa karata tatu zinazofanana pamoja na jozi, na 6 kwa karata tano za aina moja, mchezaji asiyekosea hata mara moja hurudishiwa, kwa wastani wa muda mrefu sana, asilimia 99.54 ya fedha anazotia. Mashine iliyo jirani yaweza kufanana nayo kwa rangi na kwa sauti, lakini jedwali lake likisoma 8 na 5 mahali pa 9 na 6, marejeo hushuka hadi asilimia 97.30. Tuseme mtu anatia dola 1.25 kwa kila mkono, na anacheza mikono 600 kwa saa: amepitisha dola 750. Kwenye mashine ya kwanza atapoteza kwa wastani dola 3.45 kwa saa, na kwenye ya pili dola 20.25, hata kama hakukosea popote. Twaona basi kwamba jambo kubwa kuliko yote limekwisha amuliwa kabla mtu huyo hajavuta kiti.

Lakini si hapo anapofikiri. Hufikiri mahali pengine kabisa.

Chukua mfano ambao wachezaji wanaujua vizuri. Mtu ametia sarafu 5, na kioo kinamwonyesha ree, mfalme, malkia, ghulamu na tatu, zote za kopa. Karata tano za aina moja: tayari ameshinda, na akizishika zote atalipwa sarafu 30. Ila akiitupa ile tatu, huenda akaipata kumi ya kopa, na huo ndio mkono wa kifalme, unaolipa sarafu 4,000. Karata zilizobaki ni 47, na kumi ya kopa ni moja tu. Afanye nini? Hesabu ni ya mtoto wa shule: 4,000 ukizigawa kwa 47 ni zaidi ya 85, na 85 ni zaidi ya 30. Jibu ni kuitupa ile tatu. Hakuna jibu la pili, wala halibadiliki usiku na mchana.

Hata hivyo mtu huyu huganda. Mkono umesimama juu ya vitufe. Anajiambia: jana niliitupa nikakosa, leo mashine haijalipa tangu jioni, bila shaka sasa imekaribia, lakini thelathini ni thelathini, na kinachoshikwa mkononi si sawa na kinachotazamiwa. Ukimwuliza atakwambia kwamba anafikiri. Na anafikiria nini? Karata hazina tena la kumwambia. Mashine haina kumbukumbu ya jana. Kanuni za Nevada zenyewe zinadai kwamba mashine inayoonyesha karata iwe na uwezekano uleule wa karata halisi za mkononi, na karata halisi hazikumbuki ni nani aliyeketi hapo. Kinachozunguka kichwani mwake ni hofu ya majuto, na hofu hiyo haina hesabu, kwa hiyo haina mwisho. Aweza kukaa nayo dakika moja au saa nzima, na ile kumi ya kopa itabaki moja katika 47.

(Jambo la kuchekesha ni kwamba kusitasita huko kuna faida moja ya kweli: mtu mzito wa kuamua hucheza mikono michache kwa saa, kwa hiyo hupoteza polepole kuliko mwepesi. Bila shaka hiyo si faida aliyoikusudia.)

Akiisha amua, linakuja jingine. Ameitupa ile tatu, akaletewa saba ya uru, na sasa anasema: Lau ningalishika! Mtume wetu Mtukufu s.a.w. ametukanya tusimfuate huyu "lau" baada ya jambo kupita, akatufahamisha kwamba neno hilo humfungulia shetani mlango wa kazi yake. Wazee wetu nao walikwisha sema kwamba ningalijua huja nyuma. Ni sharti tufahamu, ndugu msomaji, kwamba mtu aliyeitupa ile tatu hakukosea. Aliamua vema, akapata vibaya. Na mwenzake aliyeishika kwa woga akalipwa thelathini zake ameamua vibaya, akapata vema. Wema wa uamuzi na wema wa matokeo ni mambo mawili mbalimbali, na asiyeweza kuyatenganisha atateseka katika ndoa, katika biashara, na katika ulezi wa watoto, hata asipoiona Las Vegas maishani mwake.

Sasa turudi kwenye sehemu ya kwanza ya swali. Mwenye kutetea mchezo huu atasema: Lakini ziko mashine ambazo mchezaji hodari huzishinda! Na kweli zimekuwapo. Kuna namna moja ambayo karata za mbili hutumika mahali pa karata yoyote, na jedwali lake likiwa kamili, mchezaji asiyekosea hurudishiwa asilimia 100.76. Huyu anafanya kazi, husema, wala habahatishi.

Hoja hii haifai kupuuzwa. Kurani Tukufu yenyewe haikukana kwamba katika ulevi na kamari yamo manufaa kwa watu. Imeyakubali, kisha ikasema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake (2:220). Basi tuulize: mwenye nyumba ya kamari ameiwekaje mashine inayomtia hasara? Ameiweka kwa kuwa anajua kwamba wengi wanaoketi hapo hukosea, na makosa yao humlipa yeye, na hulipa pia ile asilimia ndogo ya hodari. Fedha ya hodari haikutoka hewani. Imetoka kwa mjane aliyeshika karata asiyopasa kuishika, na kwa mfanyakazi aliyechoka ambaye saa nane za usiku alibonyeza kitufe bila kutazama. Hodari hakuwaona, kwa sababu mashine imesimama kati yake na wao. Lakini fedha yao ndiyo iliyo mfukoni mwake. Kadiri anavyokuwa hodari ndivyo anavyohitaji wajinga wengi zaidi. Hesabu haiigeuzi kamari kuwa biashara, kwani katika biashara muuzaji na mnunuzi huondoka kila mmoja na kitu alichokitaka.

Tena Kurani imetaja sababu nyingine, kwamba kwa njia hii shetani hutaka kuwazuia watu na ukumbusho wa Mwenyezi Mungu na Sala (5:92). Zamani yawezekana mtu akadhani hilo ni neno la mawaidha tu. Mwaka 2012 mtaalamu wa Marekani, Natasha Dow Schüll, alitoa kitabu juu ya wachezaji wa mashine wa Las Vegas, baada ya kuishi nao na kuwahoji kwa miaka. Wengi wao walimweleza kwamba hawachezi tena ili washinde. Hucheza ili wabaki katika hali fulani ambamo saa, mwili, na watu wa nyumbani hutoweka. Kushinda kwenyewe huwaudhi wengine, kwa kuwa humkatiza mtu. Hao sio watu wa dini waliosema hayo, na kwa hiyo ushahidi wao una uzito.

Nimesema sehemu ya pili ni nzito zaidi, na sasa niifikie. Dini haipingi kufikiri, lakini imekuwa kali juu ya kufikiri kusiko na kikomo. Waswahili tumelipokea neno "wasiwasi" kutoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa fikihi walilitumia kwa mtu anayerudia udhu mara tatu na nne kwa kushuku kwamba tone halikufika. Hukumu yao ni nyepesi na ya kufariji: yakini haiondolewi na shaka. Aliyesahau kama amesali rakaa tatu au nne ajenge juu ya ile aliyo na yakini nayo, aendelee. Hakuambiwa asimame pale akipima mpaka jua lichwe.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipojibizana na wanafalsafa alitoa mfano wa mtu aliyewekewa tende mbili zilizo sawa kabisa, naye anazitamani, wala hawezi kuzichukua zote mbili. Je, atakufa kwa njaa akitafuta sababu ya kupendelea moja? Al-Ghazali akasema hapana, atachukua moja, kwa kuwa Mungu amemwumbia nia, na kazi ya nia ni kutenga kimoja na mfano wake. Ulaya nao wanao punda anayekufa kati ya mafungu mawili ya nyasi, wanamwita punda wa Buridan, ingawa katika maandishi ya Buridan huyo punda hayumo.

Mfano bora wa kuamua naupata kwa Seyidna Umar r.a. Mwaka 639 hivi alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akapata habari ya tauni. Akawaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakakubaliana kwamba arudi. Basi akatangaza kurudi. Abu Ubaida r.a. akamlaumu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari Yake nyingine. Ni baada ya hayo yote ndipo Abdur Rahman bin Auf r.a., ambaye hakuwapo, akaja na maneno aliyoyasikia kwa Mtume s.a.w. juu ya tauni, nayo yakaafikiana na uamuzi. Angalia mpango wake: Umar hakuwa na yakini alipoamua. Alishauriana mara tatu, hakushauriana mara kumi. Na ndivyo ilivyoamrishwa, kushauriana, kisha mtu akiisha azimia, amtegemee Mungu (3:160).

Wengine mnaosoma haya mko katika kupima jambo kubwa: dini, kazi, mchumba, safari ya masomo. Mtume s.a.w. amewafundisha waumini Istihara: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua ya kuomba heri kwa Yule ajuaye tusiyoyajua. Baadhi ya ndugu wameifanya dua hii iwe mlango mwingine wa kuahirisha. Husali usiku, na asubuhi wakisha kosa ndoto husema, ngoja kesho. Mwenyezi Mungu akipenda kumwonyesha mja Wake ndoto ni fadhili Yake, lakini Hadithi inayotufundisha Istihara haikuiweka ndoto kuwa sharti. Imo ndani yake dua kwamba jambo likiwa la heri lirahisishwe, na likiwa la shari liepushwe. Na ili jambo lirahisishwe au liepushwe hapana budi mtu awe ameliendea: amepeleka posa, amejaza fomu ya chuo, amempigia mwalimu hodi.