Asaheli Bado Yumo Kwenye Orodha

Somo: 2 Samweli 2:18-32, 3:26-39, 23:24



Alhamisi hii, tarehe 15 Januari 2026, inatimia miaka 10 tangu Al-Shabaab waivamie alfajiri kambi ya wanajeshi wetu kule El Adde, Somalia. Mnajua kwa nini nalitaja. Tunaye mama katika ushirika huu ambaye tangu Ijumaa ile simu ikilia kabla ya jua kuchomoza, anashtuka. Mwanawe aliondoka hapa ndevu hazijakolea. Alirudi baada ya vipimo vya DNA.

Rais wa Somalia alisema wanajeshi karibu 200 walikufa. Kenya ikaikataa hesabu hiyo, na yake yenyewe haikuitangaza. Mimi nilisomea biashara, jamani, hili linaniuma. Mama huyu akipeleka majani chai kituoni anapewa karatasi ya kilo zake, hata nusu kilo imeandikwa. Lakini watoto?

Sasa tazama Biblia. Vita vya Gibeoni vikiisha, Yoabu anakusanya watu na kuhesabu. Wamepungua 19, na Asaheli. Umeona? Idadi ipo, na jina lipo. Asaheli alikuwa kijana mwenye mbio kama za paa. Abneri alimwonya ageuke, akakataa, akauawa. Kila aliyefika pale alipoangukia alisimama. Wakambeba usiku, wakamzika Bethlehemu katika kaburi la baba yake. Miaka mingi baadaye yanaandikwa majina ya mashujaa wa Daudi, na katika wale thelathini anayetangulia ni nani? Asaheli! Marehemu wa siku nyingi, bado yumo. Haleluya.

Lakini usiishie hapo. Yoabu naye alimkumbuka ndugu yake, akamvuta Abneri kando langoni Hebroni kana kwamba ana neno la siri, akamuua. Daudi alikataa kumbukumbu ya namna hiyo. Alifuata jeneza la Abneri akilia, na siku ile hakula. Kwa hiyo ndugu, ukisikia El Adde halafu ukamkunjia uso Msomali anayekuuzia nguo mjini, huyo Asaheli wako umemtoa kwa Daudi ukampeleka kwa Yoabu. Wasomali wenyewe wamezika wana wao wengi mno kwa mkono wa hao hao Al-Shabaab.

Na neno la nyumbani, kwa kuwa nimeketi katika vikao hivi. Pesa za fidia zimevunja familia kuliko risasi. Mjane anaitwa mgeni, baba anaitwa mwenye tamaa, watoto wanavutwa huku na huku. Mjane ni mtoto wenu. Kama kuna jambo, liandikeni, lisomwe mbele ya wazee, kila mtu aweke sahihi. Kiroho hakukatazi karatasi.

Jumapili, baada ya ibada ya pili, tutasimama kidogo. Hakuna hotuba, na wanasiasa watusamehe. Mama ameomba jambo moja tu: tusimwite "yule mwanajeshi". Tutamtaja kwa jina alilobatizwa nalo mtoni. Sikulichapa hapa kwa sababu mama anataka kulisikia kutoka vinywani mwenu. Vijana wa kwaya mje saa moja asubuhi. Mama atahitaji mtu wa kumshika mkono kutoka barabarani, njia ile ya kwao ina matope.