Shemeji kwa Dakika Tisini

Mwaka wa 1980 serikali iliamua kwamba shida ya kandanda yetu ni majina. Vilabu vilivyobeba majina ya makabila viliambiwa vibadilishe. Abaluhya FC, ya mwaka wa 1964, timu ya Joe Kadenge, ikawa AFC Leopards. Gor Mahia ya 1968 ikaponea, kwa sababu Gor Mahia si jina la kabila; ni la mganga maarufu wa Kanyamwa. Kila mtu alijua huyo mganga alikuwa Mluo, lakini agizo ni agizo. Mashabiki wa Leopards nao wakaendelea kuiita timu yao Ingwe, yaani chui, kwa Kiluhya. Jina likatoka mlangoni, likarudi kwa dirisha.

Jina lililofanya kazi halikutoka kwa ofisi yoyote: Derby ya Mashemeji. Dar es Salaam, Simba na Yanga ni watani wa jadi, na utani una sheria zake: mtani anaweza kukucheka hata msibani, lakini pia ana kazi yake kwenye mazishi hayo. Shemeji ni tofauti kidogo. Mtani unamrithi. Shemeji hupatikana kwa sababu mtu fulani wa upande wako alipenda mtu wa upande ule, labda wazee wakinung'unika, na sasa kuna watoto Kangemi na Kawangware ambao baba ni Ingwe na wajomba wote ni K'Ogalo.

Wengi wetu tunaona aibu kidogo kushangilia timu tuliyorithi. Tunaona ni ukabila uliovaa jezi. Ndio maana mtu wa Kilimani atakwambia yeye ni Arsenal tu, alichagua mwenyewe. Sawa. Lakini Arsenal haimdai kitu, na yeye haidai kitu isipokuwa ushindi. Jamaa wa Chelsea anayemtusi kwenye baa hana undugu naye wowote, wakikosana, wamekosana. Uhuru wa kuchagua haujamfanya mpole zaidi. Shabiki wa Gor anayemtusi wa Ingwe ndani ya mathree kutoka Kawangware anajua kwamba Desemba watakutana kwa mazishi ya shangazi, na mmoja atamshikia mwingine sahani ya kuku. Tusi lake lina breki.

Kwa hivyo sikubali kwamba uaminifu wa kurithi ni mbaya kwa sababu tu haukuchaguliwa. Ukabila ule uliotuua mwanzoni mwa 2008, watu zaidi ya elfu moja, Kibera ikiwaka, ulikuwa wa kurithi pia, ndio. Lakini ulimwambia mtu kwamba hana deni lolote kwa jirani yake. Ushemeji unasema kinyume: una deni kwa huyo huyo unayemzomea.

Hapo ndipo ninapokwama, lakini. Machi 2012, derby ilisimama pale Nyayo baada ya mchezaji wa Gor kuonyeshwa kadi nyekundu, na viti vya uwanja viking'olewa. Viti hivyo vilikuwa shemeji ya nani? Na refa je? Mashabiki wakiimba barabarani kutoka sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue, hadi uwanjani, shemeji mwenye jezi ya buluu ana mtu wa kumkinga, hata kama ni kwa mzaha. Mama anayeuza njugu na mayai kando ya barabara, Mkamba au Mkisii asiyeoa wala kuolewa upande wowote, hana. Undugu unatufundisha kumhurumia mpinzani, na hilo si dogo. Ila unafanya hivyo kwa kumpa nafasi ndani ya familia, na familia ina ukuta.

Ukimuuliza huyo mama anashabikia nani, atakujibu kwa kuangalia kwanza rangi ya jezi yako.